Mlango wa Ghala Ulifungwa kwa Stara

Niliteuliwa kuwa msimamizi wa usalama wa watoto kwa sababu nilichelewa kikao. Siku hiyo magunia yangu ya iliki yalikuwa yamekwama darajani Makupa nyuma ya malori, na nilipofika barazani kwa mwenyekiti wa klabu nikakuta kahawa imekwisha na mimi nimeshapewa cheo. Chama cha mpira cha kaunti kilikuwa kimetuma agizo kwamba kila klabu yenye watoto iwe na mtu wa kuwaangalia. Kamati yetu ilikuwa ya wanaume watano na mimi, na wale watano walishaona, bila kunisubiri, kwamba kuangalia watoto ni kazi ya mwanamke.

Nikauliza kazi yenyewe ni ipi. Mwenyekiti akanijibu kwa upole kabisa, "Ni kuwepo tu, bibi. Wakija watu wa kaunti, wakuone."

Mimi kuwepo tu sikujui. Nauza viungo sokoni Marikiti, na pale mtu aliyepo tu ndiye anayerudi nyumbani jioni akijiuliza gunia limekwenda wapi. Kila kitu changu nakihesabu mara mbili, kwanza kwa macho kisha kwa kidole, maana macho yana huruma na kidole hakina. Basi nikaanza kuwahesabu watoto vivyo hivyo, wakiingia kiwanjani na wakitoka. Wakanicheka. Wakaiita sensa. Beki wa kushoto, akishahesabiwa upande huu, alikuwa akizunguka mgongoni mwangu akajipanga upande wa pili, na mimi namwambia, "Wewe nimeshakununua, toka."

Agizo lenyewe halikuwa na maneno mengi. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali palipofungwa. Asimpakie mtoto kwenye chombo chake bila mzazi kujua. Asimpige picha akibadilisha nguo. Mtoto akisema jambo, asikilizwe, asihojiwe wala asiahidiwe siri, na jambo lifikishwe kwa wanaohusika. Nikalisoma kikaoni, na kabla sijafika mwisho wakaanza kulipunguza.

Kupunguza nakujua. Nimepunguziwa na kupunguza tangu sijaota jino la mwisho. Namjua mtu anayeshika kifua, anayemtaja Mwenyezi Mungu, anayejifanya anaondoka akifika mlangoni ageuke. Wote hao walikuwa pale barazani, na fulana za klabu wamevaa. Agizo likisema watu wazima wawili, wao wakasema mmoja, na wa pili awe karibu. Nikauliza karibu ni wapi. Wakasema mtaani. Agizo likisema mzazi ajulishwe, wao wakasema wazazi tunaonana nao msikitini na sokoni, wanajua. Nikawaambia bei ya bizari inashuka kwa sababu mwenye bizari aliipandisha mwenyewe ili ishuke. Hili hakuna aliyelipandisha. Limekuja likiwa chini tayari.

Mwishowe walikubali yote isipokuwa kuchua.

Kuchua, kwetu, ndiyo hospitali ya mpira. Mtoto akiteguka mguu hapelekwi popote, anapelekwa kwa kocha. Mikono ya kocha wetu ilikuwa na sifa. Wazee wenye magoti mabovu walimjia na chupa zao za mafuta ya karafuu, wengine mafuta wamenunua kwangu. Na mahali pa kuchulia palikuwa ghala, chumba cha mawe kando ya kiwanja ambacho mfanyabiashara mmoja wa Kihindi alituazima tuweke mipira na koni. Zamani watoto wote walikuwa wavulana, wakichuliwa hapo mlango wazi, wenzao wamejazana mlangoni wakimcheka anayelia.

Kisha tukaanzisha timu ya wasichana, na kamati ikafikiri. Nasema ikafikiri kwa sababu sitaki kuidhulumu. Ilifikiri kwa nia njema. Ikaona si vizuri mguu wa mtoto wa kike uonekane na wapita njia mpaka gotini. Wavulana wanachungulia. Watu wa mtaa watasema nini? Basi ili kumlindia stara yake, akichuliwa msichana mlango ufungwe, na komeo litiwe.

Nikarudia maneno yao mbele yao, nisije nikawa sikusikia vizuri. Nikasema, "Kwa hivyo kumsitiri mtoto, tunamfungia ndani na mwanamume."

Mwenyekiti akaniambia kwamba kocha ni kama baba yao. Nikamwambia kama ni baba, mlango wa nini. Nikawapa na njia: jirani yangu mmoja ni mchuaji, anakanda wazazi waliojifungua, mikono yake mtoto analala kabla hajamaliza. Aje yeye awachue wasichana. Wakasema wataangalia. Nimekaa kwenye kamati muda wa kutosha. Kuangalia, pale, ni mazishi, hata sanda hawashoni.

Nilikwenda kwenye kikao kilichofuata na kilichofuata tena na neno hilo hilo. Wakawa wananiona nakuja wanaagiza kahawa nyingine.

Kisha hesabu ikaniharibikia. Alasiri moja nilihesabu wasichana nikapungukiwa na mmoja. Nikarudia kwa kidole. Alikuwa kipa. Wiki iliyofuata pia hakuja, na golini amesimamishwa mtoto ambaye mpira ukija anafumba macho.

Huyu kipa nimweleze. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko wenzake, mikono kama makasia, na mdomo. Langoni alikuwa akipanga mabeki wake kama mama mwenye nyumba anayepanga wageni: wewe kaa hapa, wewe sogea, wewe ulikuja kufanya nini? Mpira ukiingia, kosa la mabeki. Mpira usipoingia, sifa zake. Hakukuwa na mtoto pale aliyependa kucheza kama yeye, na mtu wa namna hiyo haachi mpira kwa kuwa amechoka.

Nikamuuliza kocha. Akasema wasichana wakikua ndivyo walivyo, huacha. Nikamuuliza mwenyekiti. Akasema kocha ameshasema.

Mama yake kipa anakaanga viazi karai kwenye pembe ya kichochoro, si mbali na kwangu. Nikaenda kununua viazi, na kwa kuwa ni mimi, nikalalamika kwamba vimekuwa vidogo. Mama akasema binti anaumwa mguu. Wakati huo huo binti mwenyewe akashuka ngazi na ndoo mbili tupu, vidato viwili viwili, kama mbuzi. Nikautazama mguu, mguu ukanitazama.

Nikamfuata kisimani nimsaidie ndoo moja. Sikumuuliza kuhusu kocha. Nilimwambia tu kwamba kipa mpya anafumba macho. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Tukajaza ndoo. Tulipoziweka chini ya ngazi akasema, bila kunitazama, "Mguu ulishapona, shangazi. Nilimwambia umepona. Akasema yeye ndiye anayejua kama umepona."

Akaendelea kwa vipande vipande. Kwamba alikuwa akiitwa ghalani hata siku asizoumia. Kwamba mikono ilikuwa haikomei mahali palipoteguka. Nilitaka kuuliza mengi na sikuuliza, kwa sababu agizo lilisema wazi kwamba kuhoji si kazi yangu, na kwa mara moja katika maisha yangu nikafuata maandishi kama yalivyo. Akaniomba nisimwambie mtu. Hilo pia agizo lilikuwa nalo. Nikamwambia siwezi kumuahidi hivyo, ila sitamwambia mtu yeyote kabla ya kumwambia yeye kwanza ni nani na kwa nini.

Akafikiri. Akasema, "Nilijua mama akijua atanitoa kwenye timu. Kwa hivyo nikajitoa mwenyewe." Kisha akaniuliza. "Lakini mimi sikufanya kitu. Mbona mimi ndiye niliyetoka?"

Tukamwambia mama pamoja, sote wawili. Mama hakupiga kelele. Aliipua karai, akaliweka chini, akafunika moto. Wateja wakasimama wanauliza viazi, akawaambia leo hakuna, na viazi vimejaa sinia. Asubuhi yake tulikwenda sote watatu kwenye ofisi ya serikali inayoshughulika na watoto. Mwanamke mmoja akamsikiliza binti mlango umeachwa wazi nusu, mama yake yuko ndani, na mimi nikakaa nje kwenye benchi. Siku hiyo hiyo kocha akaamriwa asikaribie watoto mpaka jambo lichunguzwe, na klabu ikaarifiwa.

Jioni nikaitwa barazani.

Niseme haki: hakuna aliyesema binti ni mwongo. Hilo lingenirahisishia. Walisema nimeharakisha. Walisema ningewaambia wao kwanza, jambo limalizwe kiutu uzima: kocha apeleke halua kwa mama wa mtoto, aombe radhi, isomwe Fatiha, watu wapeane mikono, wasitiriane. Ndivyo tunavyomaliza mambo hapa, mipaka ya viwanja, ndoa, hata ugomvi wa mbuzi. Nikawauliza binti angepeana mkono na nani. Hawakuwa wamefikiri kwamba binti angekuwepo.

Kisha mnada ukaanza. Kocha asimame kando wiki mbili. Nikasema hapana. Asimame mpaka baada ya kombe, maana nusu fainali inakuja na bila yeye tumekwisha. Hapana. Awepo kiwanjani lakini asichue. Hapana. Mwenyekiti akavua kofia, akajipangusa paji la uso, akatoa bei yake ya mwisho kama mtu anayejiumiza.

"Basi afundishe wavulana tu."

"Wavulana si watoto?"

Mmoja akasema pembeni, yakhe, huyu mama hapunguzi. Nilikuwa nimechoka, nimeudhika, na bado nilitaka kucheka, kwa sababu mimi ndiye mtu ambaye sijawahi kununua hata kitunguu kwa bei ya kwanza. Mwenyekiti akasema sijathibitisha lolote. Nikamwambia kuthibitisha si kazi yangu wala yao. Kazi yetu ni moja, kumweka mbali na watoto mpaka wenye kazi hiyo waimalize. Halafu nikawakumbusha kwamba amri imeshatoka, kwa hivyo kikao chote hiki tulikuwa tunapatana bei ya kitu kilichokwisha kuuzwa.

Kocha hakurudi. Faili iko ofisini. Nikienda kuulizia naambiwa mhusika ametoka, nikienda tena naambiwa amerudi lakini ametoka. Nusu fainali tulifungwa, na kuna wanaoamini nilifunga mimi. Wateja wangu wawili watatu sasa wananunua pilipili manga kwa jirani, iliyochanganywa mbegu za papai, na hilo nimemwachia Mungu. Wazazi kadhaa wamewatoa mabinti zao. Si kwa sababu ya kocha, ambaye hayupo. Ni kwa sababu sasa jambo linajulikana. Lilipokuwa halijulikani waliwaleta kila siku.

Yule jirani yangu mchuaji alikuja. Wa kwanza kumchua alikuwa mtoto aliyeteguka kifundo. Nikasubiri nione atafanya nini na mlango. Aliuacha wazi kabisa, akamketisha mtoto kizingitini, akamwita mama yake akae kando, akamfunika mapaja kwa leso aliyojitanda, akatoa kifundo peke yake nje. Basi. Leso moja, ambayo kila nyumba ya mji huu inazo kumi. Mwenyekiti alikuwa amesimama karibu nami. Akasema, kumbe inawezekana. Niliondoka pale kabla sijamjibu.

Kipa alirudi baada ya mama yake kuja kiwanjani mara kadhaa, akakaa, akatazama nani yuko wapi. Siku aliyorudi, mwenyekiti alikuwa amewakusanya watoto mapema, akawahubiria kwamba mwenzao amepata shida, wamheshimu, wawe wapole naye. Nia njema tena. Binti akaingia golini, akavaa glavu, akatema mate mikononi. Wa kwanza akapiga mpira, ukaja unatembea kama unakwenda dukani. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu akausukuma, kisha akamtazama kipa kwa macho ya mtu aliyekuja kuhani msibani.

Kipa akauokota, akaurudisha kwa nguvu mpaka ukampita yule mpigaji.

"Nimerudi kucheza," akawaambia. "Anayetaka kuniuguza aende kwa mama akauze viazi. Pigeni."

Wakageuka kunitazama mimi, kama kwamba nina ruhusa mfukoni. Kilichoharibiwa hakikuwa kitu ninachoweza kukirudisha kwa kuitikia kwa kichwa. Mwishowe msichana mmoja mdogo, ambaye nadhani mahubiri hakuyasikiliza, akakimbia kutoka mbali akaupiga mpira kwa ncha ya kidole cha mguu, vibaya, kwa nguvu zote. Ukagonga mwamba, ukaingia.

Kipa akainuka mchangani, midomo imejaa vumbi. Hakumtazama mpigaji hata kidogo. Alimgeukia beki wa kushoto, ambaye alikuwa amesimama mbali ameshika kiuno.

"Na wewe," akamwambia, "ulikuwa unaangalia nini?"