Siku Maji Yalipokuja

Kila nipitapo sokoni na kukuta majani ya kabichi yametupwa chini ya meza, yameanza kuoza kwa jua, moyo hunishuka. Wenzangu huziba pua na kupita. Mimi mawazo hunirudisha bondeni kwetu milimani, ng'ambo ya Irente, mwaka mfereji ulipokauka.

Mfereji huo ulitoka mtoni, ukapita kwanza kwa Baba Rehema, jirani yetu wa juu, kisha ukateremka kwetu. Tangu enzi za babu maji yaligawanywa kwa zamu, asubuhi yao, mchana yetu. Kiangazi kile Baba Rehema, aliyeimba besi pamoja na baba kwenye kwaya kila Jumapili, aliuziba kwa mashina ya migomba na matope, na zamu yetu ikafa. Baba alimwendea kwa upole, akarudi tena na wazee, mwishowe akapeleka shauri baraza la kata. Kabichi zetu, ambazo ndizo zilizotulisha na kutuvisha, zilikuwa zimeshalegea kama masikio ya mbuzi. Wajumbe wakasema watakuja kujionea.

Siku hiyo baba alivaa koti lake la kanisani, akaenda kuwapokea barabarani. Nilibaki shambani na mama. Jua lilikuwa limepanda niliposikia sauti niliyokuwa nimeshaisahau, maji yakigugumia kwenye majani makavu. Yalikuja mengi, na povu na takataka zake. Mama alisimama kidogo akiyatazama, kisha akajifunga kanga kiunoni, akashika jembe. Jamani, nilivyocheka! Tulikimbia tuta hadi tuta tukifungua na kuziba, matope hadi magotini, na sidhani kama nimewahi kumpenda mama kuliko siku ile.

Wajumbe walipofika, shamba lote lilikuwa linang'aa maji.

"Shikamooni," mama alisema akihema.

"Marahaba," mwenyekiti alijibu, kisha akamgeukia baba. "Ndugu yangu, haya ndiyo maji usiyoyapata?"

"Mzee, yamefunguliwa leo. Jana hapa palikuwa vumbi tupu."

"Njia ya mwongo fupi," mjumbe mmoja alisema, na wenzake wakacheka.

Baba Rehema, aliyekuja nao, alitazama viatu vyake. Halafu baba, mbele yao wote, na koti lake la kanisani mwilini, aliinama akaondoa bonge la udongo lililozuia maji kufika tuta la mwisho.

Shauri likatupwa. Kesho yake mfereji ulikuwa mkavu, na mtu akishaitwa mwongo nani atamsikiliza tena? Kabichi zilioza, bonde zima likanuka. Baba aliteremka Korogwe kwenye mkonge, tukawa tunamwona Krismasi, naye kwaya hakuirudia kamwe. Wanawake wa kanisani walisema mama ndiye aliyemponza mumewe kwa kiherehere chake cha jembe. Mimi nikaamini, kwa kuwa mama hakujitetea.

Leo nalima mwenyewe, na ndiyo maana nimeelewa. Miaka mingi nilifikiri Baba Rehema aliwahonga wale wajumbe. Hakuwa na haja; ilitosha kuufungua mfereji siku ile. Alikuwa mkulima kama sisi, akajua hakuna mtu wa bonde lile atakayekunja mikono maji yapite huku mmea wake una kiu. Alitupiga kwa kile kilichokuwa chema ndani yetu, na hilo bado linaniuma kuliko kabichi zenyewe.

Juzi nilimuuliza mama, sasa mzee, kama siku ile alisahau kwamba wajumbe wanakuja.

"Nisahau vipi?" alisema. "Niliposikia tu yale maji, nilijua tumeshindwa."

"Sasa mbona ulimwagilia?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Zilikuwa zinakufa, mwanangu."