Bushuti la Babu wa Haneti

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaingia soko la Majengo kama nzige, nilikuwa mshenga wa mpwa wangu, na wiki nzima makalio yangu hayakujua kiti. Binti alikuwa wa kijiji cha Haneti. Kwao, babu asipofunikwa bushuti hasemi neno, na asiposema neno, ng'ombe hawapokelewi.

Mimi nilidhani blanketi ni blanketi. Nikapeleka jipya, lenye picha ya simba, linang'aa. Babu akang'oa uzi mmoja, akauweka juu ya kaa la moto. Ukajikunja, ukawa tone jeusi, ukanuka kama ndala inayoungua.

"Mshenga, umekuja kunifunika ndoo ya plastiki?"

Shangazi za binti wakacheka. "Mwacheni, labda kondoo wa kwao wanakula ndala!"

Babu hakucheka. Akasema ipo posa nyingine kutoka Bahi, ataijibu Ijumaa. Mpwa wangu aliposikia akaacha kula.

Nikazunguka Majengo kutwa mbili. Maduka yamejaa vitu, bushuti hamna. Shule niliishia darasa la pili, mbuzi walinihitaji kuliko mwalimu, lakini kuuliza nilijua. Nikamwendea fundi cherehani mmoja mzee, ambaye babu zake walifika mjini na misafara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti."

"Sikai. Natafuta bushuti."

"Ketiii! Unalitafuta na hulijui." Akaendelea kushona huku akisema. Kwao walisimuliwa kwamba neno lilikuja na Waarabu, wao husema bishti, vazi refu la sufu la kutupia mabegani. Huku bara watu wakaona joto lake, wakalifanya la kulalia, na kitambaa chenyewe kizito kikaitwa hivyohivyo. "Basi usitafute blanketi, tafuta sufu. Hata ikiwa na vifungo."

Sikusubiri kahawa. Nikajitupa kwenye marobota ya mitumba, nikachambua makoti ya Wazungu moja moja, nang'oa uzi, nawasha kiberiti. Wauzaji wakanitukana: "Mzee, unataka kutuchomea soko?" Koti la saba, uzi haukuyeyuka. Ukanuka nywele zinazoungua. Refu, jeusi, zito kama mgonjwa.

Alhamisi nikapanda lori la mahindi, koti nimelikumbatia, nimesimama njia nzima ingawa nafasi ya kukaa ilikuwepo.

Babu akaligeuza, akaligeuza tena. "Hili lina mikono. Bushuti halina mikono."

Nikaanza habari za Waarabu. Hakusikiliza. Aling'oa uzi, akauweka kwenye kaa, akainamisha pua.

"Kondoo," akasema.

Kisha akachomoa kisu kiunoni, akakata mkono wa kwanza, akakata wa pili, akanitupia yote miwili miguuni. Koti akajifunika, akafumba macho.

"Sasa ni bushuti. Mshenga, hebu kaa chini. Unanipa kizunguzungu. Ng'ombe wenu wanafika lini?"

Ile mikono mke wangu aliishona kofia mbili za wajukuu. Mpaka leo mvua ikizinyeshea zinanuka kondoo.