Chura Asiye na Kwao

Shangazi yangu hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu. Miaka kumi na tisa kazi yake ni kujaza udongo kwenye viriba vya miche, katika kitalu cha idara ya misitu, mpaka mgongo umepinda kama mundu. Lakini yule chura aliyemwona ni yeye, si mwingine.

Alimkuta bonde la chini, juu ya jani bichi. Kadogo, ukucha wa dole gumba unakafunika. Tumbo la rangi ya machungwa, sauti kama mtu anasaga meno. Akampigia mtaalamu wa vyura aliyewahi kupita kitaluni. Jamaa akasema huyo hajaandikwa popote duniani. Akiandikwa, bonde halikatwi. Na bonde lilishapimwa, linafyekwa lipandwe mikaratusi.

"Niletee wa bonde la chini, na wale wanaofanana nao wa bonde la juu. Kila chupa na spiriti yake, na karatasi humo humo ndani. Uandike kwa penseli, mama."

Shangazi alikata simu akacheka mpaka akakohoa. "Penseli? Mimi wa chekechea? Karatasi ya serikali inaandikwa kwa wino!" Akaandika bonde, kijito, tarehe. Mwandiko unawapita walimu wangu wote. Nami nikamsifia, mjinga mimi.

Chupa zikatumwa. Wiki mbili baadaye, simu ya mtaalamu.

"Mama, spiriti imekula wino. Karatasi nyeupe. Sijui yupi katoka wapi."

"Si wale wa tumbo la machungwa!"

"Rangi nayo imetoka. Wote wamepauka. Mimi nakuamini, mama, ila watakaosoma hawaamini mdomo. Leta wengine."

Kesho yake tukaenda bondeni. Tukakuta kizuizi, misumeno inanguruma huko ndani.

"Bibi, huku ni kwa kibali," mlinzi akasema.

"Natafuta chura."

"Chura? Njoo chooni kwangu, wamejaa, uchague mwenyewe!"

Shangazi akageuka, akashika njia ya nyumbani. Yeye, ambaye hata mbu hamwachii neno la mwisho.

Juzi idara imemletea agizo: miche elfu ishirini ya mikaratusi, ya bonde la chini. Nikamwambia, shangazi, kataa, wajaze wenyewe.

"Nikikataa ataitwa mwingine, baba. Shika koleo."

Tumefikisha viriba elfu tatu.