Jani la sale pembeni ya kompyuta

Miezi ya mwanzo ya blogu yangu sikuuacha mlima upumue. Leo nauita bibi harusi, kesho nauita mfalme mwenye taji la fedha, keshokutwa machozi ya theluji yanatiririka kwenye mashavu ya Uchagani. Lo! Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili Old Moshi, nina maneno mengi na sina pa kuyamwaga. Basi kila Jumamosi nilishuka mjini, nikakaa kwenye kafe ya intaneti karibu na soko, nikayamwaga yote huko. Wadau wakanisifia: "Dada una lugha tamu, endelea kutupa raha." Napanda kurudi nyumbani kichwa kimevimba.

Nyumbani penyewe hapakuwa na taji wala bibi harusi. Tulikuwa mimi na baba, na kitanda cha mdogo wangu ambacho hakuna aliyekilalia. Huku kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la ukoo, lenye migomba na kahawa na makaburi ya wakubwa. Huyo mtoto wa mwisho ndiye aliyekuwa hayupo. Bei ya kahawa ilipoanguka aliona wenzake wanajikwamua kwa kulima nyanya. Baba alipokwenda msibani Mwika, yeye akaingia shambani na jembe, akang'oa mibuni ambayo mzee aliipanda na marehemu mama. Mzee aliporudi akakuta mashimo. Hakumpiga, wala hakupaza sauti. Alimwambia, "Usikanyage kihamba hiki mpaka nife."

Mdogo wangu akachukua begi, akashuka. Hatukujua kama yuko Dar, au nje ya nchi, au kama yu hai. Desemba ikifika, Wachagga wanapanda kutoka kila kona ya Tanzania kuja kuchinja mbuzi na kula Krismasi kwao, na baba anakaa kibarazani macho yote barabarani. Ukimuuliza anatazama nini, anakujibu anamtazama ng'ombe wa jirani. Ng'ombe gani huyo anayetazamwa kutwa nzima, jamani! Mimi nilikuwa namwonea baba huruma hadi nakasirika.

Sasa siku moja niliandika kuhusu kihamba chetu. Nakumbuka niliweka "zumaridi" na "pepo ndogo ya duniani" kwenye sentensi moja. Wadau wakashangilia. Katikati ya sifa zile mtu mmoja, hakuweka jina, akauliza: "Mfereji bado unapita chini ya zizi? Nani anauzibua siku hizi?"

Nilichukia. Mimi nawapa watu zumaridi, huyu ananiuliza habari za mfereji! Nikamjibu kwa mkato: "Unapita. Nazibua mimi." Jumamosi iliyofuata nikapandisha andiko jipya, la mawingu. Mtu yule hakuligusa kabisa. Aliandika tu: "Ule mbuni mmoja nyuma ya zizi, kwenye ukuta, bado upo?"

Mbuni gani? Si iling'olewa yote? Halafu ndipo ikanigonga: kwenye blogu sikuwahi kutaja kama tuna zizi. Nilifunga mashine, nikapanda nyumbani bila hata kupitia sokoni.

Nyuma ya zizi hakuna anayekwenda isipokuwa anayetoa samadi, na samadi alikuwa anatoa baba. Nilijipenyeza kati ya ukuta na majani ya ng'ombe, nikaukuta. Mbuni mzima, umepogolewa, chini umefunikwa kwa majani makavu ya mgomba, na matunda machache yameiva. Kumbe kijana aliacha mmoja. Na mzee alijua, akautunza miaka yote hiyo bila kumwambia mtu. Nilisimama pale ndani ya samadi nikalia.

Jumamosi nikashuka tena. Nilianza kuandika kwa mtindo wangu, "nyota ya matumaini imechomoza," nikaisoma, nikaona aibu, nikafuta. Niliogopa. Mtu aliyekuja bila jina anaweza kuondoka bila jina, na neno moja la mbwembwe lingetosha kumkimbiza. Nikaandika hivi: "Nimekwenda kuangalia. Upo. Umepogolewa. Una matunda. Mimi sikujua kama upo. Baba anajua."

Jibu nililikuta wiki iliyofuata: "Anaupogoa mwenyewe? Magoti hayamsumbui?"

Magoti ya baba! Nani mwingine kwenye intaneti nzima anayajua magoti ya baba yangu? Yu hai, nikasema kwa sauti, mtoto wa mama yangu yu hai. Nilishusha pumzi moja ndefu hadi watu wote mle ndani wakanigeukia. Nilitamani kumwandikia kwa herufi kubwa RUDI NYUMBANI WEWE, maana mimi nina mdomo, lakini nikajizuia. Nikajibu: "Yanamsumbua. Anakalia kigoda."

Tangu hapo nikaacha kuupamba mlima. Niliandika nilichokiona tu. Ng'ombe amezaa dume. Jirani amekata mti wa mringaringa wa mpakani bila kutuuliza. Baba amepewa miwani na hataki kuivaa. Wadau wakaanza kunung'unika: "Dada vipi, umeishiwa?" Nikawaacha wanung'unike. Ajabu ni kwamba kuandika hivyo kulinipa kazi kuliko zumaridi zote. Ilibidi kwanza nikaangalie kitu chenyewe.

Mwishowe nilimwambia baba. Alikuwa anamkatia ng'ombe migomba. Nikasema, "Baba, mwenye kihamba yu hai. Ananiandikia kwenye kompyuta."

Hakugeuka. "Anasemaje?"

"Ameulizia magoti yako."

Panga likasimama. Akamaliza kukata, akambebea ng'ombe chakula chake, akaenda zake. Wanaume wa huku! Nilitamani kumrushia kitu.

Jumamosi asubuhi natoka, nikamkuta amesimama mpakani, mkononi ana jani la sale lililofungwa fundo. Sale ni ile mimea mirefu tunayoipanda kwenye mipaka ya vihamba. Mchagga akikujia na jani lake limefungwa fundo, anakuomba msamaha, na aliyepewa sale hakatai, hata kama alichinjiwa ng'ombe wake. Anayelipeleka ndiye aliyekosa. Mzee kumpelekea mwanawe, mimi sikuwahi kuona.

"Mpelekee," akasema.

"Baba, kule yanakwenda maneno tu. Jani haliendi."

Akafikiri. "Basi mwambie unalo mkononi."

Dada wa kafe alikuwa Mrombo, Mchagga kama mimi, mkali, hataki hata karanga ziingie mle ndani. Akaliona jani. "Hilo la nani?"

"La mdogo wangu. Nampelekea kwenye intaneti."

Nikangoja anicheke. Hakucheka. Alimwinua mtu kwenye mashine ya dirishani, ile isiyokwama, akasema, "Kaa hapa, dada yangu."

Nikaliweka jani pembeni ya kibodi. Nikaandika: "Leo asubuhi baba amekata sale mpakani. Amelifunga fundo mwenyewe. Amesema nikupe. Nimeliweka hapa, kushoto kwangu. Bado lina umande."

Hapakuja jibu. Jumamosi iliyofuata hakuna, na nyingine hakuna. Nilianza kujilaumu: labda ningeweka maneno matamu kidogo, labda ilikuwa kavu mno, labda nimemfanya baba ajishushe bure mbele ya watu asiowajua. Kila nikirudi baba alinitazama usoni, kisha akatazama chini. Jani tuliliweka juu ya kabati la vyombo, likakauka.

Desemba ikafika, barabara ikajaa magari ya watu wa Dar. Asubuhi moja, nasugua sufuria nje, mtori wangu wa ndizi na nyama umeshaiva, baba yuko kibarazani na ng'ombe wake wa jirani, nikaona mtu anapanda njia ya mfereji. Amenenepa, ana kipara kidogo. Alipofika kwenye mstari wa sale akasimama. Hakuingia. Alisimama nje ya mpaka, kichwa chini, begi mkononi, kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Sufuria ikaniponyoka. Baba alikwisha inuka. Aliingia ndani, na mimi nikajua anamkimbia. Akatoka na lile jani kavu. Akashuka ngazi za kibaraza na magoti yake yale, polepole, bila kunishika mimi wala fimbo, akapita kwenye migomba mpaka mpakani. Akamnyooshea.

Mdogo wangu alilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa analia wazi wazi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Ingia basi. Mtori unapoa."

Akaingia. Ndiyo hivyo tu, akainua mguu akaingia. Ah, nilihisi mzigo wa miaka umenitoka mabegani, nikakaa chini kwenye majani na mikono yangu yenye masizi, nikacheka kama kichaa. Kumbe muda wote alikuwa Mtwara, anauza spea za magari, na andiko la sale alilisoma siku ile ile. Nilimuuliza kwa nini hakujibu, mwenzio nife kwa presha? Akasema, "Dada, sale linajibiwaje kwa kuandika?"

Jumamosi tulishuka mjini pamoja. Nilikaa dirishani nikitafuta namna ya kuisimulia siku ile. Nikaandika mistari mingi, nikafuta. Nikabakiza hivi: "Amerudi. Amekula."

Wadau wakaja juu. "Nani? Kutoka wapi? Tupe stori bwana!" Nikawa nacheka peke yangu. Mdogo wangu alikuwa kwenye mashine ya jirani, amenigeuzia mgongo, anabonyeza herufi moja moja kwa kidole. Alipomaliza akanikonyeza nifungue upya ukurasa. Chini ya maneno yangu kulikuwa na maoni mapya: "Ila mtori ulizidi chumvi."

Na safari hii aliweka jina. Jina lake kamili, na la baba.