Sahani za Wayua

Saa tatu asubuhi, Wayua Kisilu anaingia bomani kwa Mutindi, milimani Kathiani, na kabla hajabisha hodi macho yameshafika kwenye kichanja cha vyombo. Sahani tatu ndogo zimeanikwa juani. Anageuza uso haraka.

"Karibu daktari," Mutindi anamtania. Wayua ni mhudumu wa afya ya jamii, na leo amekuja kumpima mtoto uzito. Anacheka, akifunga mzani.

Mwaka 2019 alikuwa karani wa sensa hapa wadi ya Kilaani. Akina mama wengi hawakutaka kutaja watoto wote, kwa maana wazee husema kuhesabu watoto ni kuita kifo.

"Ukiuliza, unaambiwa ni hao tu unaona," anasema. "Sikutaka kulazimisha mtu. Nikawa naangalia sahani. Mama akitaja majina matatu, na sahani za watoto ziko tatu, nafunga hiyo nyumba naenda."

Kazi ikaenda mbio, naye akawafundisha makarani wenzake ujanja huo. Kumbe huku watoto wadogo hula wawili watatu kwenye sahani moja, jambo analolijua tangu utotoni. Siku zile za sensa halikumjia kichwani.

Sasa mipaka ya wadi inapitiwa upya, na viti vya uwakilishi vinafuata idadi ya watu. Kilaani inasemekana imepungukiwa watu mia sita kufikia kiwango cha kuwa wadi, na huenda ikaunganishwa na wadi kubwa ya ng'ambo ya mto.

Wayua anaogopa, wala hafichi. Mwakilishi wadi wao ndiye aliyehangaika hadi wakapata zahanati. Kabla ya zahanati hiyo wajawazito walitembea kilomita kumi na moja, na Mutindi mwenyewe alijifungulia njiani. Sasa inajengewa chumba cha uzazi, na kuta zimefika kwenye linta, juu ya madirisha.

"Tukimezwa na wale wengi, nani atakumbuka kukimaliza?" anauliza. "Na watu wakijua ni mimi, nitapita wapi?"

Siri hiyo alikuwa amemwambia mumewe, Justus, peke yake. Justus alimjibu neno moja: nyamaza.

Hatanyamaza. Jumanne kuna kikao cha wananchi kwenye uwanja wa kanisa, naye amepanga kusimama na daftari lake la afya, lenye kila nyumba anayoitembelea, aombe watu wahesabiwe tena.

Lakini daftari hilo lina pengo moja, nyumbani kwake. Wiki ya sensa Lenny, kitinda mimba wake, alikuwa hoi kwa nimonia, na Wayua akaogopa kumwandika kwenye sensa, asije akaita kifo. Hata kwenye daftari hajamwandika mpaka leo.

Ana watoto wangapi, basi? Wayua anatazama njia ya shule.

"Wako watano, Lenny akiwemo," anasema, kwa sauti ya chini.

Halafu anatoa simu na kumpigia mwalimu, kuuliza kama mtoto amefika salama.