Kijana Aliyesifiwa kwa Kujifungia Ndani

Ugonjwa wa Ngosha ulisifiwa kabla haujajulikana. Waliousifu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa mama yake, majirani na mzee wa kanisa, na kila mmoja alikuwa na sababu zake. Mwezi wa tatu mwaka ule wa 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, naye akapanda kivuko kutoka Mwanza mjini kurudi kwao Kamanga, begi mgongoni, barakoa ya kitenge usoni. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea ualimu wa hesabu. Redio ilihimiza watu waepuke mikusanyiko, wanawe mikono na wasizurure ovyo. Ngosha aliyafanya yote hayo kupita kiasi, na majirani wakaona huo ndio usomi wenyewe.

"Mnamwona mtoto wa Selina?" jirani yao Odeta aliwafokea wanawe. "Hata mlangoni hatoki! Nyie kutwa mpirani, mnahemeana tu."

Selina, mama yake, alivimba kichwa. Mama gani asingevimba? Alimtengea mwanawe ndoo yake ya koki, sabuni yake na sahani yake, na chakula akawa anampelekea chumbani. Sahani iliporudi na nusu ya ugali, alisema mtoto kazoea vya mjini. Iliporudi vilevile ilivyokwenda, alisema anasoma sana. Si wa kuchekwa. Mzazi hutafuta kwanza sababu nzuri, na akiikosa hutafuta nyingine nzuri.

Chumbani hakukuwa na kusoma. Ngosha alilala chali akihesabu misumari ya bati. Usiku alifuatilia kwenye simu habari za vifo vya nchi ambazo hajui hata ziko upande gani, na mchana alipoutafuta usingizi ulimkwepa. Alinawa mikono hadi ngozi ya vidole ikapasuka. Kundi la wenzake wa darasa kwenye WhatsApp lilijaa utani na nyimbo. Akajitoa bila kuaga. Mwanzoni aliogopa kwamba ataileta korona nyumbani imwondoe baba yake, ambaye umri ulikuwa umekwenda. Baadaye hofu ile ikaisha, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mahali pake hapakuja kitu. Hakuogopa, hakufurahi, wala hakutamani hata sato wa kukaanga, yeye ambaye utotoni alikuwa akipigana na dada yake Rose kugombea kichwa cha samaki.

Mei ilipokaribia kwisha ikatangazwa kwamba vyuo vinafunguliwa. Nyumba nzima ilishangilia. Ngosha alijua moyoni kwamba hawezi kurudi. Jinsi ya kuwaambia ndiyo hakuijua, na kuna siku aliona afadhali alale asiamke kuliko kuwatazama usoni akawaambia.

Sasa, mwaka ule nani hakupiga nyungu? Selina alikuwa muumini wa nyungu kuliko waliomfundisha. Kila Jumamosi asubuhi alichemsha majani ya mwarobaini na mpera, mchaichai na malimau, akakitua chungu uani, na kila mtu akajifukiza ndani ya blanketi kwa zamu yake. Jumamosi moja, blanketi moja kati ya mawili lilikuwa limefuliwa, bado linachuruzika maji kambani, na chungu kilikuwa kinapoa.

"Ingieni wote wawili," aliwaamuru mume na mwana. "Dawa inapoa!"

Mumewe, Yeremia, alisita. Katika nyumba ile kijana aliyeota ndevu hakai bega kwa bega na baba yake, tena vifua wazi. Humwamkia, humsikiliza, kisha huondoka. Isitoshe, watu wawili kuhemeana ndani ya blanketi moja ili kukimbia ugonjwa wa kuhemeana, hata mtoto wa darasa la kwanza angeuliza swali. Lakini Selina akishika mwiko hapingwi. Wakavua mashati, wakainama juu ya chungu, blanketi likawafunika.

Humo ndani palikuwa giza na joto la kukata pumzi. Yeremia alisogea kidogo asiungue, na bega lake likagusana na la mwanawe. Lilikuwa mfupa mtupu. Mzee huyu alikuwa amefuga ng'ombe maisha yake yote, na mnyama aliyeacha kula alimjua kwa kumgusa tu. Mwanawe mwenyewe hakuwa amemgusa tangu akiwa mtoto.

"Ng'wanawane," alisema polepole kwa Kisukuma chao, mwanangu. "Umekonda hivi tangu lini?"

Mvuke ulipanda.

"Baba, silali."

"Unaogopa korona?"

"Mwanzoni. Sasa hivi sijui. Sitaki kitu chochote. Chuo siwezi kurudi." Kisha yakamtoka yote kwa pamoja. "Siku nyingine natamani nikilala nisiamke."

"Jasho linatoka?" Selina aliuliza kutoka nje.

"Linatoka," Yeremia akajibu.

Lilitoka kweli, na machozi pia yalitoka, na humo ndani hakuna ambaye angeweza kuyatenganisha. Baba na mwana walilia kwa raha zao bila kuoneana aibu.

"Chuo ni majengo," Yeremia alisema hatimaye. "Yatakaa palepale. Wewe usiniondokee. Umenisikia? Usiniondokee."

Tuseme ukweli: nyungu haikumtibu Ngosha. Mwarobaini ungekuwa unatibu huzuni, miti yote ya Kamanga ingekuwa imebaki vijiti. Ila ndani ya blanketi mtu husema bila kutazamwa usoni, na hilo ndilo alilokuwa amelikosa miezi yote ile.

Selina alipoambiwa, alikaa chini pale pale uani. "Na mimi nilikuwa nawaringia watu," alisema, akalia. Kisha akataka waitwe watu wa maombi. Yeremia alimwambia maombi yawepo na zahanati iwepo, vyote havigombani. Jumatatu wakaenda. Tabibu wa zahanati, dada mmoja aitwaye Gladness, alimuuliza Ngosha kuhusu usingizi na chakula, akamuuliza waziwazi kuhusu kutamani kufa, bila kushtuka alipojibiwa. Akasema ugonjwa huo unaitwa sonona, kwamba huzuni ikikaa mno huwa maradhi kamili, na kwamba unatibika. Akawaelekeza kwa daktari wa magonjwa ya akili, hospitali ya mjini. Na hadi wamwone, alisema, kijana asilale peke yake. Tangu siku hiyo Yeremia akahamishia godoro lake chumbani kwa mwanawe.

Siku ya safari waliteremka hadi kivukoni pamoja. Pale palikuwa na Paulo, mpakiaji wa mizigo, mwenye kifua kipana kama mlango na ulimi usiolala. Kivukoni hapo hakuna aliyepita bila kutaniwa naye.

"Shikamoo, Baba Ngosha! Mbona leo unasindikiza dume zima kama mtoto wa chekechea?"

Watu wakaangua kicheko. "Baba, turudi," Ngosha alinong'ona. "Tafadhali, turudi nyumbani." Alikuwa ameshageuka tayari, na lau angepiga hatua chache zaidi asingetoka tena chumbani kwake.

Yeremia angeweza kusema malaria. Malaria haina aibu. Alimshika mwanawe mkono mbele ya watu.

"Marahaba, Paulo. Mwanangu anaumwa."

Walio karibu wakarudi nyuma, barakoa zikapandishwa.

"Si korona. Usingizi umemkimbia, chakula hakipiti, na maisha yamemchosha. Nampeleka kwa daktari wa akili. Akipona atasoma."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akashughulika na kitenge chake. Ngosha aliinamisha kichwa, akisubiri neno la Paulo, maana Paulo hakosi neno.

Paulo aliliokota begi la Ngosha bila kuombwa, akatangulia nalo hadi kwenye mlango wa kivuko. Alipomkabidhi, aliinama kana kwamba anamfungia kamba ya begi.

"Mdogo wangu," alisema chini chini. "Huyo daktari... anapokea hata mtu mzima? Mtu mwenye watoto?"

Ngosha akainua macho. Macho ya Paulo yalikuwa mekundu, na haukuwa wekundu wa pombe. Aliujua wekundu ule.

"Sijui, kaka. Nitamuuliza."

"Utaniambia?"

"Nitakuambia. Jioni, nikirudi."

Honi ikalia, kivuko kikaanza kujitoa ukingoni. Paulo alibaki amesimama na mikono yake mikubwa imening'inia. Ngosha akamwacha baba yake kwenye benchi, akaenda hadi kwenye vyuma vya ukingo, akapaza sauti ishinde injini.

"Kaka Paulo! Nisubiri jioni! Narudi!"