Tope la Rambo

Jumamosi moja ya mwezi wa nane mwaka jana nilimzika mama. Kazi ya mikono yake iliyobaki ni ukuta wa jiko la uani, hapa pembezoni mwa mji wa Tarime. Aliukandika mwenyewe, akauburuzia vidole vinne vinne hadi ukatoka mistari kama mawimbi. Chini ulikuwa unabanduka. Nilitaka kuuziba kabla ya mvua za vuli, nisije nikaipoteza ile mistari.

Tope lake alilitoa lamboni, kwenye bwawa la mtaa wetu. Kikurya chetu hakina "l", kwa hiyo yeye alisema "rambo", nasi watoto tukacheka, maana rambo ni mfuko wa plastiki.

"Mama, lambo au mfuko wa rambo?"

"Nyie wasomi, reteni tope. Herufi mtaniachia."

Baada ya mazishi nilichota tope ukingoni mwa lambo, nikaziba. Lilikuwa jekundu, la kichanga. Lilipokauka likadondoka lote.

Kisha likaja katapila kufukua lambo, maana lilikuwa limejaa tope na kukauka. Lilipochimba, likaacha ukingo umesimama wima kama ukuta. Juu ulikuwa udongo mwekundu ulioshuka kutoka mlimani walipokata viwanja na kufungua barabara. Ndani yake mlijaa mifuko ya rambo, imelaliana. Chini yake tabaka la kijivu, majivu na vipande vya tofali vya siku walizojenga maduka ya kwanza. Chini kabisa tope jeusi, laini, lenye mizizi ya matete tu. Hilo ndilo la mama.

Nikashuka na ndoo.

"Mama, toka huko!" dereva wa katapila akanipazia sauti. "Unatafuta dhahabu?"

Wanawake waliokuwa ukingoni wakacheka. "Migodi ya Nyamongo imehamia huku!"

"Nataka tope la chini," nikasema.

Dereva akaniangalia, kisha akanichotea, akalimwaga mbele yangu. Nikalinusa. Lilinuka kama mikono ya mama akitoka kazini. Nikajaza ndoo.

Jioni nikakandika. Asubuhi kiraka chote kilikuwa na nyufa. Nilisahau kuchanganya kinyesi cha ng'ombe, kinachoshikamanisha tope, na mtaani kwetu hakuna tena ng'ombe. Nikampigia dada yangu aliyeolewa kijijini Kenyamonta.

"Yaani huko mjini mmekosa hata mavi?" akasema, akacheka. Kisha akauliza, "Ni kwa ule ukuta?"

"Ndiyo."

Kiroba cha mavi kilifika kwa basi. Nilibandua kile kiraka, nikakanda upya, nikakandika. Safari hii kilishika. Nikaweka vidole vinne juu yake, nikaviondoa kabla ya kuviburuza. Nikakiacha hivyo, bila mistari, chini ya ile ya mama.